Kadi ya Tatu ya Munyakazi

Munyakazi aliuona mchezo wa gofu kwa mara ya kwanza akiwa amelala chali chini ya trekta. Ilikuwa mwaka 1963, mjini Bujumbura, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, akijifunza ufundi kwa Mgiriki mmoja mwenye gereji. Trekta lilikuwa la kukatia nyasi za uwanja wa gofu. Kazi ilikuwa ya siku moja. Ilimchukua siku nne, maana kila mtu alipopita kupiga mpira, Munyakazi aliweka spana chini na kutazama mpaka mpira utue. Mgiriki alimfokea siku ya pili, siku ya tatu akamcheka, na miaka michache baadaye, alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, akamwachia fimbo moja ya chuma, namba saba, na mipira sita.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwa na fimbo nyingine. Alirudi Kigali, akaoa, akapata kazi kwenye gereji ya malori huko Gatsata. Kila Jumapili asubuhi, kabla wafyatua matofali hawajaanza kazi, alishuka hadi kwenye kinamasi cha Nyabugogo akapiga mipira yake sita kwenda na kurudi. Alipima umbali kwa hatua, akihesabu kimoyomoyo. Fimbo namba saba, ikigusa mpira sawasawa, ilimpa hatua mia moja na arobaini na tano. Mkewe, Leila, alikuwa fundi cherehani pale kwao, mtaa wa Gitega mjini Kigali. Majirani walipomuuliza mumewe huenda kufanya nini bondeni na chuma kile, alijibu kwamba anaua nyoka.

Kilichomwingiza kwenye uwanja wa kweli ni mafuta machafu. Uwanja wa Nyarutarama ulipotengenezwa, mashimo tisa kando ya bonde, hapakuwa na maji ya kutosha kuotesha zile nyasi laini zinazozunguka shimo. Badala yake walitandaza duara la mchanga na kuumwagia mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, ili usipeperuke na usichukuliwe na mvua. Mchezaji akifika pale, huvuta ubao juu ya mchanga, akasawazisha njia ya mpira wake, ndipo asukume. Mafuta hayo yalitoka Gatsata, na aliyeyapeleka kwa mapipa alikuwa Munyakazi. Yeye ndiye aliyewaonya kwamba mafuta ya magari madogo ni mepesi mno, mchanga hauyashiki; yanayofaa ni ya malori ya dizeli. Baada ya mwaka mmoja kamati ya klabu ilimwandika kuwa mwanachama. Wapo waliosema ilifanya hivyo ili mafuta yasikatike.

Kufikia mwaka 1990 alikuwa na miaka arobaini na sita na alitaka kitu kimoja: handikapu. Hiyo ni namba anayopewa mchezaji kuonyesha kiwango chake, ikabandikwa ukutani kwenye nyumba ya klabu mbele ya jina lake. Bila namba hiyo mtu anaweza kucheza hadi azeeke na bado akahesabiwa mgeni. Masharti yalikuwa mepesi kuyaeleza. Lete kadi tatu, kila moja ya mashimo kumi na nane, yaani uwanja mzima mara mbili. Katika gofu mtu hajiandikii kadi yake mwenyewe. Anayecheza naye ndiye anayehesabu mikwaju yake, akaiandika, na mwisho akatia saini. Na aliyeruhusiwa kuandika kadi za namna hiyo ni yule tu ambaye tayari alikuwa na handikapu.

Aliyekubali kumwandikia alikuwa Cassien.

Cassien alikuwa afisa katika wizara moja, mwembamba, mwenye miwani, wa shati lililopigwa pasi hata siku ya Jumamosi. Wanachama wengine walimwona mchoshi. Hakunywa, hakupiga soga, na penseli yake aliichonga kwa wembe kabla ya kila mchezo. Handikapu yake ilikuwa kumi na moja. Walicheza kadi ya kwanza tarehe 12 Januari 1991. Kwenye shimo la tatu Munyakazi alizungusha fimbo kwa nguvu zote akakata hewa. Mpira haukutikisika. Alipogeuka, Cassien alikuwa akiandika.

"Hiyo umeiandika, chef?" Munyakazi alimwita hivyo, kwa Kifaransa, kama mtu anavyomwita mkubwa wake.

"Nimeandika moja."

"Lakini sikuugusa mpira."

"Ulitaka kuupiga?"

"Nilitaka."

"Basi umepiga. Mpira ndio ilikataa."

Kwenye shimo la saba Cassien alichuchumaa kuondoa jani kavu kando ya mpira wake. Alikaa pale kidogo, kisha akainuka.

"Fundi, niandikie moja zaidi. Mpira imetembea."

"Sikuuona ukitembea."

"Mimi niliona."

Jioni hiyo Munyakazi alimsimulia mkewe habari za jani lile mara mbili. "Nimemwona mtu mkweli," alisema.

"Na sisi tunaokupikia?" Leila alimjibu bila kuinua uso kwenye cherehani. "Sisi ni waongo?"

Mikwaju tisini na nane. Kadi ya kwanza iliingia kwenye sanduku la bati la klabu. Mwaka huo Cassien alialikwa Gitega sikukuu ya Idi, akala pilau sahani mbili, akamuuliza Leila ametia karafuu ngapi. Leila alisema hakuhesabu. Cassien alionekana kusikitika kwa dhati.

Kadi ya pili ilichelewa karibu miaka miwili. Vita vilikuwa vimeanza upande wa kaskazini tangu Oktoba ya 1990. Mpaka wa Gatuna ulifungwa, malori yaliyokuwa yakishuka kutoka Kampala yakapungua, na mafuta machafu yakapungua nayo. Maduara ya mchanga yakaanza kukauka na kupasuka. Wazungu waliuza vitu vyao wakaondoka mmoja mmoja. Munyakazi alinunua kwao fimbo nyingine sita. Wanachama wenye handikapu walibaki wachache, na kati yao Cassien peke yake ndiye aliyekuwa tayari kutumia Jumamosi nzima kumhesabia mikwaju mtu wa mafuta. Tarehe 14 Novemba 1992 Munyakazi alipiga tisini na tatu. Cassien alihesabu kadi mara tatu, akatia saini, akasema, "Moja tu imebaki." Alitabasamu, jambo ambalo hakulizoea.

Ya tatu aliiharibu Munyakazi mwenyewe. Ilikuwa tarehe 21 Agosti 1993. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini mapema mwezi huo na watu walirudi uwanjani wakicheka kwa sauti. Alicheza na mfanyabiashara wa kahawa aitwaye Nizeyimana, mwenye handikapu, na mwenye malori matatu ambayo yote yalitengenezwa kwenye gereji ya Gatsata. Kwenye shimo la tano Nizeyimana alipiga mikwaju mitano, akatangaza, "Nne!" na kumkonyeza. Munyakazi aliandika nne. Cassien, aliyekuwa kwenye njia ya shimo la sita, alikuwa ameona. Walipomaliza alikuja mezani, akachukua kadi zote mbili.

"Fundi. Shimo la tano, Nizeyimana alipiga ngapi?"

"Nne."

"Ngapi?"

Munyakazi alitazama viatu vyake. "Tano."

"Ah, Cassien, na wewe!" Nizeyimana alisema. "Mkwaju mmoja! Hapa tunacheza ama tuko mahakamani?"

Cassien alichana kadi zote mbili katikati, taratibu. Sheria ya klabu ilikuwa hivyo: anayetia saini kadi anayojua kuwa ni ya uongo, na yake inakufa, hata kama ni safi. Tena asubiri miezi sita. "Usikasirike, fundi," alisema. "Kadi yako ilikuwa nzuri, themanini na tisa. Lakini mkono ikiandika uongo, haiwezi tena kuleta kadi yake."

Munyakazi hakukasirika. Alipanda kuelekea nyumbani akiona aibu, na ndani ya aibu ile mlikuwa na kitu kama fahari, kwamba anamfahamu mtu wa namna ile. Miezi sita ilikwisha Februari, lakini wiki hiyo mji ulifungwa kwa mauaji ya wanasiasa. Machi Cassien alikuwa safarini. Wakakubaliana Jumamosi ya tarehe 9 Aprili 1994, saa moja asubuhi, mvua isiponyesha.

Ijumaa tarehe 8, mauaji yakiwa yameanza mjini siku iliyotangulia, badala ya kutayarisha fimbo zake, Munyakazi alifungua mlango wa nyuma akamwingiza Gahongayire. Alikuwa karani wa gereji, mwanamke wa miaka ishirini na minane aliyejua kwa kichwa namba za vipuri vyote. Kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi. Alikuwa ametembea kutoka Gatsata kwa siku nzima, akipita vichakani. Hakusema alichokiona, na wao hawakuuliza. Alikaa kwenye chumba cha vitambaa siku kumi na moja. Alikuwa na kikohozi, na kila kilipomshika Leila alikanyaga cherehani, hata kama haikuwa na uzi.

Asubuhi ya tarehe 19 jirani alipita dirishani akanong'ona kwamba nyumba za mstari wao zitapekuliwa mchana. Kaka yake Leila alikuwa na nyumba Nyamirambo, ndani ya mtaa wa Waislamu ambako bado watu walikuwa wakifichana. Leila alimvika Gahongayire gauni lake na ushungi wake, kisha akampa kitambulisho chake mwenyewe, kilichoandikwa Mhutu. Picha ilipigwa mwaka 1981 na maji yalikuwa yameitia doa shavuni. Wanawake hao wawili hawakufanana sana. Hawakutofautiana sana pia.

"Jina la mama yako?" Leila alimuuliza.

"Zuhura."

"La baba?"

"Seleman."

"Hapo sawa. Ukikohoa, kohoa kwa adabu, mimi ni mke wa mtu." Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na moja Gahongayire kucheka.

Palikuwa na njia mbili. Ya chini ilipita kwenye mfereji, na kizuizi chake kilisimamiwa na watu wasiojulikana, walevi, ambao kwa siku hizo waliwapitisha baadhi na kuwazuia wengine, bila mpango wowote. Ya juu ilikuwa barabara ya lami. Munyakazi alisimama kwenye kona akatazama juu. Pale kwenye kizuizi, pembeni ya magogo, juu ya kiti cha ofisini, aliketi Cassien. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Twende juu," Munyakazi alimwambia Gahongayire. "Yule ni mtu wangu. Huyo hawezi kumdhulumu mtu."

Walipanga foleni. Mbele yao walikuwapo watu wanne, kisha wawili, kisha hakuna. Kijana mmoja mwenye panga alichukua vitambulisho, akatazama cha Munyakazi, akatazama cha Leila, akamtazama Gahongayire. "Ni sawa," akasema, na kuvirudisha.

"Lete," alisema Cassien.

Alisoma kitambulisho cha Leila mbele na nyuma. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akatazama picha, akatazama uso.

"Huyu si Leila," alisema.

"Chef," alisema Munyakazi.

"Leila namjua. Nimekula kwake." Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya mtu anayetaja mkwaju. "Kitambulisho inasema Leila. Huyu si Leila."

"Chef, tafadhali. Chef."

"Wewe fundi ni mtu wangu. Nenda." Kisha akawaambia vijana, "Huyu mwanaume apite." Kitambulisho alikitia kwenye mfuko wa shati.

Gahongayire alibaki. Munyakazi alipita. Vijana walimsukuma bega naye akaenda. Aligundua kwamba alikuwa akihesabu hatua. Miguu ilikuwa na mazoea yake. Kwenye hatua ya mia moja na sitini na tatu alisikia. Aliendelea hadi mia tatu, akakata kona, akafika kwa shemeji yake, akapewa maji, akayanywa.

Baadaye watu walimwambia kwamba angelia tu, angejisikia vizuri. Yeye hakuwa akijisikia vibaya. Hakuwa akijisikia chochote. Leila alikaa ndani bila kitambulisho hadi Julai. Mji ulipochukuliwa na jeshi lililotoka kaskazini, Munyakazi alirudi Gatsata kwa miguu akakuta gereji imebaki kuta na shimo la kushukia chini ya magari. Alianza kazi siku hiyo hiyo. Magari yalikuwapo, ya watu waliokuwa wakirudi kutoka ukimbizini yakiwa na namba za Uganda, za Burundi, za Tanzania, karibu yote mabovu. Alitengeneza, akala, akalala. Mtu akimsalimia alijibu. Jina la Gahongayire lilikuwa bado kwenye ukuta wa stoo, ameliandika mwenyewe kwa chaki juu ya rafu ya vipuri. Hakulifuta, wala hakulitazama kwa makusudi.

Ilikuwa Oktoba alipofika mtu aitwaye Nkusi na gari dogo lililokufa gia. Alikuwa mhasibu, mnene, mwenye maneno mengi, mtoto wa wakimbizi, amekulia Jinja kule Uganda. Munyakazi alifungua buti kutafuta jeki akakuta mfuko wa fimbo.

"Saba yako imepinda," alisema.

"Nini?"

"Fimbo namba saba. Shingo imepinda. Mpira utakuwa unakukimbilia kulia."

Nkusi alimtazama kutoka ndala hadi kofia. "Mzee! Miaka miwili nalaumu mgongo wangu, kumbe ni fimbo? Wewe unacheza?"

"Nilikuwa nacheza."

"Una handikapu ngapi?"

"Sina. Nina kadi mbili."

Nkusi na wenzake watatu walikuwa wakijaribu kuufufua uwanja. Wanajeshi walikuwa wamelikagua bonde wakasema halina mabomu ya ardhini. Nyumba ya klabu ilikuwa haina milango, lakini sanduku la bati lilikutwa kwenye stoo, chini ya magunia, na kadi zote zimo. Wiki mbili baadaye Nkusi alikuja tena Gatsata na bahasha. Safari hii hakuwa na utani. Alitandaza kadi mbili juu ya boneti.

"Hizi ni zako?"

"Zangu."

"Aliyezitia saini ni huyu Cassien. Nimeuliza watu. Nimeambiwa mambo." Shangazi yake Nkusi na watu wote wa nyumba yake walikuwa wakiishi Gikondo, na Nkusi alikuwa amekwenda akakuta nyumba tupu. "Yuko wapi sasa?"

"Wanasema kavuka. Yuko Goma."

"Wenzangu wanataka tuzitupe. Mimi nikasema nitakuuliza wewe kwanza, ni haki yako. Kwa hiyo nakuuliza, mzee. Mtu huyu alikuwa mkweli?"

Munyakazi alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mikono. Aliendelea kujifuta vidole, kimoja kimoja. Angeweza kusema hapana, na kadi zingetupwa, na jambo hilo lingekwisha.

"Kadi ziko sawa," alisema. "Kila mkwaju."

"Na mtu mwenyewe?"

"Umeniuliza kuhusu kadi."

Nkusi alizirudisha kwenye bahasha polepole. "Basi zinahesabiwa," alisema mwishowe. "Imebaki moja. Nitakuandikia mimi. Handikapu yangu ni kumi na sita, ya Jinja, lakini inatosha."

Munyakazi hakuwa na hamu. Aliyemsukuma ni Leila. "Nenda," alimwambia. "Jumapili nzima unakaa hapo kama gunia la mkaa, hata gunia lina faida. Umeitaka namba hiyo kuliko ulivyonitaka mimi. Nenda ukaichukue."

Walicheza Jumapili tarehe 27 Novemba. Nyasi zilifika magotini, isipokuwa palipopitiwa na mbuzi. Maduara ya mchanga yalikuwa yameota magugu. Walivuta ubao pale ulipovutika, kwingine walikadiria. Kwa makubaliano, mpira uliopotelea nyasini ulihesabiwa mkwaju mmoja tu wa adhabu. Munyakazi aliandika mikwaju ya Nkusi, na Nkusi aliandika yake.

Alicheza vizuri kuliko siku yoyote maishani mwake. Mikono haikutetemeka kwa sababu hakikuwapo cha kuitetemesha. Aliinua fimbo, akaishusha, mpira ukaenda. Arobaini na tatu kwa mashimo tisa ya kwanza. Nkusi alipiga mluzi.

"Mzee, wewe si fundi wa magari, wewe ni mchawi! Ningekuwa nacheza hivyo, mke wangu angeniona kwenye Idi na Krismasi tu."

"Cheza," alisema Munyakazi.

Mzunguko wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Walipofika shimo la nane, ambalo kwa hesabu lilikuwa la kumi na saba, Munyakazi alihitaji tu kutembea hadi mwisho. Nkusi alipiga wa kwanza ukaangukia kwenye nyasi ndefu upande wa kushoto. Aliingia humo akapotea hadi kiunoni. Munyakazi alisimama njiani akahesabu kama alivyofundishwa: nyasi zikatikisika, mara ya kwanza, mpira haukutoka. Zikatikisika tena. Nkusi alikuwa amesimama akitazama chini.

"Kuna kiatu hapa," alisema. "Cha kike."

Nkusi alisimama pale muda. Kisha nyasi zilitikisika mara ya tatu na mpira ukatoka. Alitoka nyuma yake, uso umelowa jasho. Alipiga mmoja hadi kwenye mchanga, akasukuma mara mbili, ukaingia. Walipokuwa wakielekea shimo la mwisho, Munyakazi alitoa kalamu.

"Ngapi?" aliuliza, kwa kuwa ndivyo inavyoulizwa.

Nkusi alikunja vidole. "Wa kwanza. Mle ndani... miwili. Mmoja, na miwili ya kusukuma. Sita."

Ilikuwa saba. Nkusi hakuwa akiiba; alikuwa ameacha hesabu mle nyasini. Ingetosha kumwambia, mara tatu, bwana Nkusi, nyasi zilitikisika mara tatu, naye angepiga paji la uso na kusema kweli, mzee, niandikie saba. Munyakazi alifungua kifuniko cha kalamu. Aliitazama kadi. Akaandika sita.

Shimo la mwisho alilicheza kwa mikwaju mitano. Kwenye kibaraza cha nyumba ya klabu Nkusi alijumlisha kadi yake, akarudia, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Themanini na sita! Mzee, themanini na sita kwenye msitu huu!" Alitia saini kwa madaha. "Na mimi?"

"Mia moja na mbili."

"Nimewahi kufanya vibaya zaidi. Tia saini."

Munyakazi alitia saini kadi ya Nkusi na kumpa. Kisha akachukua yake, yenye saini ya Nkusi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Sanduku liko hapa," alisema Nkusi.

"Naliona."

"Hiyo ndiyo ya tatu. Weka, Jumatatu nakubandika ukutani."

"Haifai hii."

"Haifai vipi? Nimeiandika mwenyewe, kila shimo. Kuna kosa?"

"Yangu haina kosa."

"Sasa?"

"Nitacheza nyingine."

Nkusi alimtazama kwa muda, akijaribu kuona kama anataniwa. "Wallahi, nyinyi watu wa Gitega," alisema. "Miaka minne unaitafuta kadi, unaipata, unaifanya leso. Nyingine lini?"

"Jumapili, kama una nafasi. Njoo na panga tukate zile nyasi za shimo la nane." Alifikiri kidogo. "Na kile kiatu tukitoe."

Alirudi Gitega kwa miguu, mfuko wa fimbo begani. Leila alikuwa amekaa mlangoni akichagua mchele.

"Umeipata?"

"Bado."

"Ulicheza vibaya?"

"Vizuri. Themanini na sita."

Leila aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Vua viatu," alisema, "unaniletea matope ndani." Akasogea kumpisha. Munyakazi akaketi kizingitini, akaanza kufungua kamba.